Mashine ya Polishi Ikae Kwanza Kwenye Boksi Lake

Juzi usiku kijana mmoja anayenisoma alinitumia ujumbe uliojaa furaha. Amedunduliza kwa miezi, hatimaye amenunua mashine ya kupiga polishi, na picha akaambatanisha: mashine mpya kabisa, waya bado umefungwa, imelazwa juu ya boneti la gari lake la bluu iliyokolea. Swali lake lilikuwa fupi, na lilihusu pedi, kile kipande laini cha duara kinachobandikwa kwenye mashine. "Kaka, nianze na pedi ipi?"

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Nikaivuta ile picha kwa vidole ikawa kubwa. Kwenye kona ya chini palikuwa na ndoo moja, na ndani yake sponji la njano likielea juu ya maji yaliyokwisha kuwa kahawia. Mashine nzito imelazwa juu ya rangi bila hata kitambaa chini yake, na pembeni ndoo moja ya maji machafu. Ningeweza kumtajia pedi, akashukuru, tukalala. Lakini picha ile naijua vizuri mno, kwa sababu miaka tisa iliyopita ilikuwa yangu.

Mjomba wangu alikuwa na gari jeusi. Alilipata ukubwani, baada ya miaka mingi ya kupanda magari ya watu, na alilipenda kwa namna ambayo hakuisema ila ilionekana: hakufunga mlango kwa kuubamiza, hakuweka mzigo juu ya boneti. Kila Jumamosi mimi ndiye niliyeliosha. Ndoo moja, sabuni ya kuoshea vyombo, sponji, na fulana kuukuu za pamba za kukaushia. Lilikuwa linang'aa likiwa na maji, nami nikajiona fundi. Halafu siku moja mchana, jua likipiga ubavuni, mjomba akainama kwenye mlango wa dereva, akauliza, "Mjomba, hii ni nini?" Ilikuwa mikwaruzo myembamba ya mviringo, mamia kwa mamia, kama utando wa buibui uliotandazwa juu ya gari zima. Nikamjibu kwamba ni umri wa gari. Nilikuwa naamini hivyo.

Nikaamua kumrekebishia. Nikanunua mashine, ile ya kuzunguka tu kama grinda, kwa sababu niliona mafundi rangi wanaitumia na kazi yao inatoka kama kioo. Nilikuwa na pedi nyeupe. Nilipofika kwenye ukingo wa boneti, pale linapopinda kuelekea taa, pedi ikaanza kuwa nyeusi. Nikafurahi, nikadhani ni uchafu wa miaka unatoka. Nikakandamiza zaidi. Nilipoinua mashine, palikuwa na baka la ukubwa wa kiganja, limefifia kama ubao wa kuandikia, na haliakisi chochote. Ule weusi kwenye pedi haukuwa uchafu. Ilikuwa rangi ya gari la mjomba.

Hakunigombeza. Alisimama, akalipitishia baka lile kidole gumba mara mbili, akasema, "Acha tu, mjomba." Nililipia kupigwa rangi upya kwa boneti zima, na mpaka leo gari lake linaoshwa kwingine. Tunasalimiana, tunacheka, ila funguo hanipi. Naandika hili bado linaniuma.

Sasa nikwambie kilichotokea, maana siku ile sikukijua. Juu ya rangi ya magari mengi ya kisasa kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Ndilo linalotoa mng'ao na ndilo linalobeba mikwaruzo yako. Kwa magari mengi klia ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa kichwa chako kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Kwenye kingo na mikunjo huwa nyembamba zaidi. Kupiga polishi hakufuti mkwaruzo. Kunakwangua klia iliyouzunguka mpaka usawa ushuke chini ya mkwaruzo. Kila ukipiga, unapunguza akiba ambayo hairudi. Kwa hiyo mtu anayeosha vibaya kila wiki kisha anapiga polishi kila baada ya miezi michache analimaliza gari lake kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa gharama.

Ndiyo maana, mdogo wangu, nakwambia anza na vinavyogusa rangi. Mashine iwe ya mwisho.

Ndoo mbili. Moja ya sabuni, moja ya maji matupu ya kusuuzia, na ndani ya kila moja, chini kabisa, uweke wavu wa plastiki ambao mchanga unazama chini yake usirudi juu. Usichovye kwenye sabuni kabla hujasuuza. Rimu ziwe na ndoo yake ya tatu na brashi zake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma na hutaki chembe hizo zije kutembea mlangoni. Sponji litupe, au libaki la tairi. Uso wake ni bapa, mchanga hauna pa kujificha, unaburutwa kati ya sponji na rangi. Glavu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu inaumeza mchanga ndani, mbali na rangi, hadi utakapousuuza. Badala ya sabuni ya vyombo tafuta shampuu ya gari isiyo na ukali wa tindikali wala alkali. Ile ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na nta uliyopaka juzi nayo ni mafuta kwake.

Halafu taulo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kama kuna kitu kimoja kilichobadilisha kazi yangu ni taulo, na ndicho ambacho hakuna anayekipiga picha.

Nunua taulo za maikrofaiba, na usome uzito wake, unaoandikwa kwa gramu kwa mita mraba. Za gramu 300 hadi 400 ni nzuri za kufutia polishi na nta. Za kukaushia ziwe nzito, 500 na kuendelea, moja kubwa ya kutosha kulazwa juu ya boneti na kuvutwa taratibu bila kukandamiza. Kabla ya kuitumia taulo mpya, ipitishe kwenye shavu lako. Mimi hufanya hivyo hadi leo. Kile kitambulisho kilichoshonwa pembeni kikate au kifumue, maana kinaweza kukwaruza. Rangi moja ya taulo iwe ya bodi, nyingine ya vioo, nyingine ya rimu, na zisibadilishane kamwe. Zioshe peke yake, bila nguo za pamba, kwa sababu manyoya ya pamba yanang'ang'ania humo. Usitie dawa ya kulainishia nguo, inaziba nyuzi na taulo inaacha kunyonya. Na usizikaushe kwa joto kali, nyuzi huyeyuka ncha. Taulo iliyoanguka chini haigusi tena bodi mpaka ifuliwe. Hata kama imeanguka sekunde moja. Hata kama unaona chini ni pasafi. Niliwahi kuikung'uta moja nikaendelea, nikaacha mstari mrefu kwenye buti la gari la rafiki, na nilipoitazama taulo chini ya taa nikaona punje moja ya mchanga imenasa, ndogo kuliko ya chumvi.

Mashine ya presha, ile inayorusha maji kwa nguvu, ni ununuzi wa maana, na mimi nisingeshindana na mtu anayeinunua mapema. Kwa gari huhitaji nguvu za kuvunja zege. Kati ya psi 1,200 na 1,900, yaani baa 80 hadi 130 hivi, panatosha kabisa. Kinachoumiza magari ni ncha. Kwenye mashine nyingi ncha zina rangi: nyekundu ni ya pembe ya nyuzi 0, maji yanatoka kama msumari, na hiyo iweke mbali kabisa na gari, nyeupe ni ya nyuzi 40, inatandaza maji kama feni, na ndiyo yako. Simama walau sentimita 30 kutoka kwenye bodi, na palipo na rangi iliyobanduka rudi nyuma zaidi. Ukiongeza chupa ya povu, povu lile lipe dakika chache lishuke na uchafu, ulisuuze kabla halijakauka, ndipo uguse. Faida yake ni hiyo tu: glavu yako ikifika, mchanga mwingi umeshaondoka. Osha kivulini, anzia juu ushuke chini, kwa sababu maji yakikaukia juani yanaacha madoa ya chumvichumvi ambayo mengine hayatoki kwa kuosha.

Umeme na maji vinakaa pamoja kwenye kazi hii, kwa hiyo usifanye mzaha. Soketi unayotumia iwe na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja. Na kama kebo yako imeviringishwa kwenye roli, ifungue yote hata kama unahitaji mita tatu. Ikibaki imeviringwa inapata joto, na mashine ya presha inavuta umeme mwingi.

Kuhusu ndani ya gari sina mengi. Mashine ya kufyonza inayokubali vumbi na maji, brashi laini mbili tatu za matundu ya hewa, basi.

Kitu kinachofuata ni taa, na hapa najua wengi wananipinga. Mnaniambia taa si kifaa cha kuoshea gari. Mimi nasema gari la mjomba nililiharibu kwa sababu nilifanya kazi jioni, chini ya balbu moja ya njano iliyokuwa nyuma yangu. Huwezi kurekebisha usichokiona, na huwezi kujua umemaliza. Tafuta taa ya LED ya mkononi yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu) ya 90 au zaidi, iwe nyeupe inayokaribia mwanga wa mchana, uimulike kwa mshazari. Mikwaruzo itajitokeza yote. Siku ya kwanza nilipowasha yangu juu ya gari nililodhani nimelimaliza, nilikaa chini kwenye ndoo nikalitazama tu. Nikarudia upande mzima.

Na sasa mashine. Itazame hiyo yako. Kama inazunguka tu kwenye mhimili mmoja, irudishe wakikubali, au iache mpaka uwe umefanya mazoezi kwenye mlango wa gari bovu. Ya kuanzia ni ile ambayo pedi inazunguka na wakati huohuo inatetema kwa duara, kwa sababu haikusanyi joto sehemu moja kwa haraka, na ukiikandamiza kupita kiasi mzunguko wenyewe unapungua. Upana wa ule mtetemo ukiwa milimita 15 unafaa paneli kubwa. Wa 8 una utulivu kwenye sehemu zilizopinda. Chukua kalamu ya wino mzito uchore mstari mmoja ubavuni mwa sahani inayobeba pedi. Ukiona mstari umesimama wakati mashine inanguruma, pedi haizunguki tena na kazi haifanyiki: punguza mkono. Kingo zote zibandike tepu ya wapaka rangi. Jaribu kwanza eneo la sentimita 40 kwa 40, kwa pedi laini kuliko zote ulizonazo na polishi nyepesi, ufute, umulike. Ikitosha, inatosha. Watu wanakimbilia pedi ngumu kwa sababu wanataka matokeo kabla ya saa sita mchana. Gari halijui saa yako.

Ukiweza, ongeza kipimo cha unene wa rangi. Magari mengi kutoka kiwandani husoma kati ya mikroni 100 na 150 kwa matabaka yote pamoja. Ukikuta 80, huenda kuna aliyekutangulia na mashine. Ukikuta 300, huenda paliwahi kupigwa rangi upya. Mimi siinui mashine bila kupima. Nilijifunza hilo kwa boneti la mtu ninayempenda, nanyi hamna sababu ya kulijifunza hivyo. Acheni kununua vifaa kwa ajili ya picha! Mtu ana mashine tatu na taulo anazofulia pamoja na soksi. Watu wanaoniletea magari yao sasa, na ni wengi kiasi kwamba naandika majina kwenye daftari, hawajawahi kuniuliza nina mashine gani.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa gari la bluu, ishushe kwanza hiyo mashine hapo juu ya boneti, kwa kuinyanyua wima, usiiburute. Kesho osha gari kwa ndoo mbili. Likikauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upapase boneti polepole. Ukihisi chembechembe kama msasa, kuna uchafu ulioshikamana ambao shampuu haikuuweza, na utahitaji ule udongo laini wa kusafishia rangi pamoja na maji yake ya utelezi kabla ya pedi yoyote. Kisha subiri giza liingie, mulika taa kwa mshazari kwenye mlango wa dereva, upige picha unitumie. Habari ya pedi tutaongea nikishaiona.