Usiyapeleke majarida hayo kwenye mashine ya plastiki

Ndugu yangu, subiri kwanza. Umeandika kwamba umeyakuta nyumbani kwa marehemu baba yako, hapa hapa Bukavu, majarida ya Strange, yale ya katuni za mashujaa wa Kimarekani kwa Kifaransa, uliyoyasoma utotoni, na kwamba kesho utayapeleka kwenye duka la Kadutu yakawekewe plastiki ya moto ndipo uwaonyeshe watoto. Usiyapeleke.

Mimi niliyapeleka yangu. Yalikuwa 19, baba mdogo aliniletea kutoka Ubelgiji nilipokuwa na miaka minane. Sikujua kwamba Spider-Man alitokea mara ya kwanza Marekani katika jarida la Agosti 1962. Kwangu alikuwa L'Araignée, na Wolverine alikuwa Serval, kwa kuwa Éditions Lug ya Lyon, iliyoanza kuchapisha Strange mwaka 1970, iliwapa mashujaa hao majina ya Kifaransa. Kifaransa changu cha kwanza nilikipata kwao, si darasani.

Mwenye duka la fotokopi aliniambia, kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, kwamba plastiki ingeyatunza hadi wajukuu wangu wazeeke. Yeye alizoea kadi na diploma; karatasi ya katuni hakuijua, na hadi leo nina hasira naye kwa sababu hakukiri hivyo. Ili kurasa zipite mashinini, alizikata zote mgongoni kwa wembe. Moto uliyeyusha gundi, gundi ikaingia katika nyuzi za karatasi, na tangu hapo hakuna namna ya kuibandua plastiki bila kuondoka na picha. Tena karatasi hiyo ya bei nafuu hutengenezwa kwa rojo la mbao na hubeba asidi ndani yake, kwa hiyo hata ukiifunika huendelea kugeuka njano humo humo. Pale alipokata karibu mno na ukingo, unyevu wa mvua zetu ulipenya, na baada ya misimu miwili uso wa Serval ulikuwa na madoa ya ukungu nisiyoweza kuyafikia kwa kitambaa. Binti yangu alipopokea rundo lile la kurasa ngumu, aliniuliza kitabu chenyewe kiko wapi.

Tangu siku ile nina sheria moja: karatasi ya zamani usiifanyie jambo usiloweza kulitengua. Skochi, ule utepe wa kunata, pia usiiguse, kwa maana gundi yake hugeuka kahawia na kupenya hadi upande wa pili. Ukitaka watoto wayashike kila siku, piga picha kila ukurasa kwa simu, uwachapishie nakala, na nakala hizo ziwekee plastiki upendavyo. Majarida yenyewe yalaze katika katoni kavu, mbali na dirisha na ukuta wa nje, juu ya rafu. Kama boksi la mzee bado liko kwenye sakafu ya saruji, liinue leo hii kabla hujalala.