Usitume Sarafu Ili Ujue Gredi Yake

Haipiti muda kwenye kundi la wakusanyaji sarafu bila mgeni kuingia na hasira. Alituma sarafu kwa kampuni ya gredi, ile inayopima hali ya sarafu na kuipa namba, akiamini ni MS 65 (MS ni sarafu ambayo haikutumika), imerudi MS 61. Au imerudi bila namba kabisa, lebo ikisema ni halisi ila imesafishwa. Anaandika kwamba kampuni ile ni ya matapeli, kwamba wapimaji walikuwa na usingizi, na anauliza kama aitume tena. Wapo watakaompa pole, wapo watakaomcheka, na atakuwepo mmoja au wawili watakaomwomba apige picha upya, taa ikiwa ubavuni. Ukiwa mgeni, hao wa mwisho ndio wa kung'ang'ania.

Ushauri wangu wote unaanzia hapa: usitume sarafu ili ujue gredi yake. Itume ukishaijua. Kampuni ya gredi unailipa ikufanyie kazi mbili, kuthibitisha kwamba sarafu ni halisi, na kumpa imani mnunuzi ambaye hakujui wala hakuamini. Kukufundisha hakumo kwenye malipo hayo. Sarafu inarudi ndani ya kasha la plastiki lililofungwa, lebo ina namba, basi. Hakuna anayekuandikia kwamba ni lile kovu la shavuni lililokunyima pointi mbili. Anayetegemea kasha limfundishe analipa ada ya shule isiyo na mwalimu.

Namba zenyewe zina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alipendekeza kipimo cha 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, zile za 1793 hadi 1814. Hakikuwa kipimo cha uzuri. Kilikuwa cha bei: sarafu ya 70 ilitarajiwa kuuzwa mara 70 ya ile ya 1. Bei zikaenda zake, hesabu ikavurugika, namba zikabaki. (Baada ya kifo chake ilikuja kubainika kuwa Sheldon alikuwa akibadilisha senti zake hafifu na zilizo bora zaidi kwenye hazina ya jumuiya moja kubwa ya sarafu ya Marekani. Jicho la gredi alikuwa nalo, hilo hakuna anayelibisha.) Kampuni ya gredi ya PCGS ilianza kazi mwaka 1986 na mwenzake NGC mwaka 1987, na zote zikaeneza kipimo hicho hicho kwa sarafu za aina zote.

Leo 1 hadi 58 ni sarafu zilizopita mikononi mwa watu, na 60 hadi 70 ni zile ambazo hazikutumika. Hakuna 59. Pengo hilo dogo ndilo linalowaliza wengi, kwa sababu sarafu ya AU 58 (AU ni iliyotumika kidogo sana) mara nyingi ni nzuri kwa macho kuliko ya MS 61. Ya 58 imesuguliwa kidogo sana sehemu zilizoinuka, lakini uso wake ni safi. Ya 61 haijawahi kununua kitu, ila imejaa makovu. Mgeni anatazama uzuri, mpimaji anatafuta kwanza kama sarafu imetumika. Wote wawili wanaona sawa, wanajibu maswali tofauti.

Chukua dola ya Morgan, sarafu kubwa ya fedha ya Marekani, maana ndiyo wengi wanayoanzia. Ilitengenezwa kuanzia 1878 hadi 1904, ikarudi 1921, ina gramu 26.73, asilimia 90 ni madini ya fedha. Mamilioni hayakuingia mtaani: yalikaa ghalani kwenye mifuko ya sarafu elfu moja moja, na kila mfuko ulipohamishwa, sarafu hizo nzito ziligongana. Kwa hiyo usishangae kukuta dola ambayo haikutumika ina uso uliochakaa kwa makovu. Shavu la mwanamke aliye upande wa mbele ni pana na laini, halina pa kufichia kitu, na ndipo jicho la mpimaji linapotua kwanza. Kovu hilo hilo likiwa ndani ya nywele au kwenye manyoya ya tai upande wa nyuma, linaweza kusamehewa.

Sasa ikague hivi. Zima taa ya darini, washa taa moja ya mezani yenye mwanga mkali unaotoka sehemu moja. Shika sarafu kwa ukingo, kidole kisiguse uso, na uwe juu ya kitambaa laini ikikuponyoka. Iinamishe taratibu huku ukiizungusha. Sarafu ambayo haijaguswa ina mikanda ya mwanga inayotoka katikati kwenda pembeni, na mikanda hiyo inazunguka kadiri unavyoigeuza. Inatokana na madini yenyewe: muhuri ulipogonga, fedha ilisukumwa kuelekea ukingoni na kuacha mifereji midogo mno isiyoonekana kwa macho. Sasa fuatilia mkanda mmoja unapopita juu ya nywele zilizo juu ya sikio, kisha kwenye kifua cha tai. Ukikatika hapo na pale mahali pakabaki pa kijivu, pasipo uhai, hapo pamesuguliwa. Hiyo ni AU, hata kama aliyekuuzia alikuapia vipi.

Lakini kuna mtego. Dola nyingi zilizotengenezwa New Orleans, zenye herufi O chini ya shada la majani upande wa nyuma, ziligongwa kwa nguvu hafifu. Nywele za juu ya sikio ni bapa tangu kiwandani. Mgeni anaona ubapa anasema imechakaa, au kinyume chake, anaona imechakaa anajipa moyo kwamba ni chapa hafifu. Tofauti iko kwenye mwanga tena. Mahali ambapo madini hayakupanda vizuri mng'ao bado upo, na kwenye lenzi utaona vichembechembe vya uso wa kipande kabla hakijagongwa. Mahali palipochakaa ni laini na pamekufa. Lenzi ya kukuza mara tano hadi kumi inatosha kabisa. Ukienda zaidi ya hapo kila sarafu itaonekana uso wa mwezi, na utaanza kuchukia sarafu nzuri.

Nije kwenye kusafisha, kwa maana hapa ndipo maumivu makubwa yalipo. Kusugua sarafu kwa kitambaa, dawa ya meno, magadi, au dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha kunaacha mistari myembamba kama unywele, yote ikielekea upande mmoja au ikizunguka. Chini ya mwanga wa kawaida haionekani. Chini ya taa moja, sarafu ikiinama, inajitokeza yote kwa mpigo. Dawa za kuchovya hazichori mistari, ila zinakula utando wa juu pamoja na ile mifereji midogo inayozaa mng'ao. Sarafu inabaki nyeupe na bubu. Mgeni anaiita inang'aa. Itazame vizuri: sarafu inayong'aa kama sufuria mpya huku nywele na herufi zake zimechakaa haiwezi kuwa ya asili.

Kuna kinachoruhusiwa. Asetoni safi huondoa grisi, gundi ya selotepu, na ule ute wa kijani unaoachwa na mifuko laini ya plastiki ya PVC. Haiondoi rangi ambayo fedha inapata kwa miaka, nayo hiyo rangi huna haja ya kuiondoa, wapo wanunuzi wanaoipenda kuliko sarafu yenyewe. Usisugue, chovya na kuacha ikauke. Fungua madirisha na moto uwe mbali kabisa, asetoni inawaka haraka. Ile ya kutolea rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa na manukato na mafuta, usiitumie. Na kama huna uhakika, acha sarafu ilivyo. Sarafu iliyoachwa chafu inaweza kusafishwa kesho, iliyosafishwa vibaya haichafuki ikarudi.

Hesabu ya pesa nitaipitia haraka maana ni nyepesi, ingawa wachache wanaifanya. Jumlisha ada ya gredi, posta ya kwenda na kurudi, na bima. Kisha tafuta sarafu hiyo hiyo, mwaka huo huo, ikiwa gredi moja chini ya unayoitarajia, iliuzwa kiasi gani minadani. Bei zilizouzwa, wala siyo bei zinazoombwa. Kama kwa gredi hiyo ya chini bado hupati hasara, tuma. Kama faida yako yote inategemea ipate ile namba ya juu, umeshacheza kamari. Pia tarehe ya zamani isikulevye. Thaler ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki, lakini iliendelea kutengenezwa ikiwa na tarehe hiyo hiyo huko Vienna na katika miji mingine kama London, Roma na Bombay, hadi karne ya 20. Wengi wanaituma wakidhani wameokota hazina.

Je, wapimaji hukosea? Hukosea. Sarafu inatazamwa na zaidi ya mtu mmoja, lakini kila mmoja anaipa sekunde chache, na iliyo mpakani mwa 64 na 65 inaweza kuangukia upande wowote. Ndiyo maana wapo wanaozitoa sarafu kwenye makasha na kuzituma upya, na ndiyo maana mwaka 2007 ilianzishwa CAC, ambayo hubandika stika ya kijani kwenye kasha ikiwa inaona sarafu ni imara kwa gredi iliyopewa. Mchezo wa kutuma upya ni wa wafanyabiashara wenye sarafu nyingi na jicho la miaka. Mgeni mwenye sarafu tatu akiucheza, anayefaidika ni mwenye kupokea ada.

Jicho basi linapatikana wapi? Hapo ndipo kundi linapokuwa na thamani. Makundi mengi yana mchezo wa kubashiri: mwenye sarafu iliyokwisha pewa gredi anaficha namba, anaweka picha, watu wanakisia. Cheza kila siku, na andika namba yako kabla ya kusoma za wenzako. Ukisoma kwanza, utajikuta unakubaliana na aliyekaa muda mrefu na hutajua kama uliona kitu au ulimfuata yeye. Andika na sababu: "63, shavu lina makovu mawili, mng'ao mzuri." Namba ikifichuliwa, rudi kwenye picha uone ulichokosa. Kubashiri chini ya gredi halisi si vibaya kwa mwanzoni, kunaonyesha umeanza kuona makovu. Anayebashiri juu kila mara bado anaitazama sarafu kwa mahaba.

Ukileta sarafu yako, lete pande zote mbili, picha ya karibu isiyo na kivuli cha simu, bila kichujio, na taja uzito na kipenyo. Mizani ndogo ya vito ni ya lazima, maana dola ya Morgan yenye gramu 24 haina mjadala. Usianze na "ina thamani gani?" Sema wewe unaiona ni gredi gani na kwa nini, halafu omba wakukosoe. Swali la namna hiyo huwaamsha wale wakimya wenye ujuzi, ambao hawana hamu ya kujibu swali la bei kwa mara ya elfu.

Majibu mengine yatakuwa makavu. "Imesafishwa." Neno moja, hana salamu. Usikasirike wala usidai heshima, muulize ameona wapi. Mara nyingi atakuchorea duara kwenye picha yako mwenyewe. Mwogope zaidi anayesifia kila kitu, na mwogope kabisa anayekufuata faraghani muda mfupi baada ya kuweka picha, akisema sarafu yako ni ya kawaida tu ila atakusaidia kuinunua. Kama ni ya kawaida, haraka ya nini? Na wewe ukinunua sarafu iliyo ndani ya kasha, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha. Makasha ya bandia yapo, na mengine yamenakili namba za vyeti halali.

Ile sarafu iliyorudi na lebo ya "imesafishwa", usivunje kasha lake. Iweke kwenye meza yako ya kujifunzia, chini ya taa ile ile, kando ya nyingine ya mwaka huo yenye uso wa asili, uzizungushe zote mbili mpaka mikanda ya mwanga ikuonyeshe tofauti bila kusoma lebo. Ukifika wakati wa kuiuza, iuze na kasha lake na uandike kwenye tangazo kile kilichoandikwa kwenye lebo. Kuitoa na kuiuza kama sarafu isiyowahi kupimwa kunajulikana upesi, kwa sababu kuna mwenzako aliyehifadhi picha ulizoweka siku ile uliyokuwa unalalamika.