Kwako Unayelala Barazani Hapa Mwanza

Mdogo wangu, nakuandikia wewe uliyeshuka stendi ya Nyegezi na begi moja na namba ya ndugu ambayo haipokelewi. Nakuandikia na wewe dada uliyefungiwa chumba Igogo kwa sababu ya kodi, sasa unalala kwa zamu na wenzako. Nimelala nje katika mji huu, kwanza soko la samaki la Mwaloni Kirumba, baadaye kwenye baraza ya duka jirani na Makoroboi, hadi nilipopata chumba Mabatini. Mvua, mbu na wezi wa viatu utavizoea mapema. Ambalo sikuambiwa na mtu ni lile linalotokea kichwani, pale unapoanza kutokuwa na uhakika wewe ni nani.

Pale Mwaloni, boti za dagaa zinapoingia kutoka Ukerewe na visiwa vya mbali, wamejaa watu wasio na nyumba na hakuna anayewaita hivyo. Mvuvi wa kambini analala chini ya turubai, anahama kisiwa hadi kisiwa, mali yake yote inaenea kwenye mfuko mmoja. Ukimuuliza yeye ni nani, atakujibu bila kusita: mvuvi. Kijana anayepakua magunia mchana na kulala juu ya magunia hayohayo usiku atakwambia ni kuli. Kijana huyohuyo apande daladala hadi mjini kati, alale mbele ya duka, asubuhi ataitwa mzururaji, chokoraa au teja. Kule Mwaloni alikuwa na kazi iliyomtangulia; mjini watu wanaona boksi alilolalia.

Kwa hiyo shika kazi, hata ndogo, na ishike mbele ya watu wanaokujua. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali uvuvi unapungua, magunia yanapungua, na makuli wanabaki kukaa. Hizo ndizo siku zilizonitisha kuliko zote. Njaa nilishaizoea, lakini kukaa kutwa nzima bila mtu kuniita kulinifanya nianze kuona aibu hata kutembea barabarani. Kilichonisaidia ni mama mmoja anayeanika dagaa. Nilikuwa namgeuzia dagaa wake, namfukuzia ndege, na jioni ananipa ugali. Fedha haikuwepo ya maana. Ila kila asubuhi aliuliza, "Yuko wapi kijana wangu?" na watu wa pale wakawa wanajua mimi ni kijana wa nani. Tafuta mtu wa namna hiyo. Kama si dagaa, kuna kushona nyavu, kufagia genge, kumchotea maji mama lishe.

Usiku wa kwanza utajiambia: mimi siko kama hawa, mimi napita tu. Nilijiambia hivyo, na karibu kila niliyelala naye aliniambia maneno hayohayo kuhusu sisi wengine. Baadaye sana nikasoma kwamba watafiti wawili wa Marekani, David Snow na Leon Anderson, walikaa na watu wasio na makazi huko Austin, Texas, wakawasikiliza wanavyozungumza wenyewe kwa wenyewe. Katika makala yao ya mwaka 1987 wanaeleza kuwa wengine walijitenga na wenzao kwa maneno, wengine waliyakubali maisha ya mtaani wakajivunia, na wengine walitunga hadithi za fedha na safari zinazokuja. Waliojitenga zaidi walikuwa wale ambao hawajakaa muda mrefu. Texas ni mbali, lakini niliposoma nilizisikia sauti za barazani kwetu.

Maoni yangu ni haya: sentensi hiyo ya "mimi napita tu" usiitupe, maana ndiyo inayokufanya uendelee kutafuta chumba. Ila usiitumie kumdharau aliyelala kando yako. Yeye ndiye anayejua mlinzi gani ana utu, maji ya kuoga yako wapi, na mwajiri gani halipi. Pale Makoroboi kulikuwa na mzee wa Kisukuma aliyekuwa akiniamsha kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na hakuondoka mpaka nimeitikia ipasavyo. Kisha anauliza habari za wilayani Kwimba, kana kwamba nimetoka huko jana. Kwa dakika chache nilikuwa mtoto wa watu, mwenye ukoo na kijiji. Sijui kama alijua anachonifanyia.

Vijana wa maskani watakupa jina lao. Lichukue, lina upendo ndani yake, na kundi linakulinda. Lakini hakikisha mtu mmoja kati yao anajua majina yako kamili, kijiji chako, na namba ya mtu wa kwenu. Ukipelekwa hospitali ya Sekou Toure hujitambui, anayekujua kwa jina la maskani peke yake hawezi kumpata mama yako.

Na mama mwenyewe? Wengi tunamwambia tumepanga chumba mtaa wa Nyakato, kazi inaendelea vizuri. Sitakulaumu kwa hilo, najua kurudi nyumbani mikono mitupu kunavyouma. Shida ni kwamba uongo huo unakufungia mlango: unashindwa kwenda hata msibani, kwa kuwa watakusubiri uje kama mtu aliyepanga Nyakato. Mwambie ukweli mtu mmoja tu wa nyumbani, mjomba au shangazi anayejua kutunza siri. Mwombe pia akusaidie na mtendaji wa kijiji kuhusu kitambulisho cha Taifa, kama huna. Hapa mjini utaulizwa barua ya mtaa, na mtaa utakuuliza unakaa nyumba ya nani. Bila namba ya NIDA hata laini ya simu huwezi kuisajili kwa jina lako, na kutumia laini ya mtu mwingine kila siku ni jambo linalomla mtu polepole.

Kuhusu polisi na mgambo, usikimbie. Taja jina lako, kazi yako na mtu anayekufahamu. Kosa la uzururaji tumelirithi kutoka sheria za Mwingereza. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika, na kwamba kumwita mtu kwa majina hayo ya uzururaji kunamvunjia utu. Maoni hayo hayatakutoa mahabusu usiku huohuo. Lakini nataka uyajue, kwa sababu usiku wa kukamatwa ndio mtu anapoanza kuamini anavyoitwa.

Na wewe unayepita hapo barazani ukielekea kazini: salimia kwanza. Usianze na swali la kwa nini yuko hapo, maana swali hilo ameulizwa na kila mtu, na ameshatengeneza jibu la kukuridhisha. Muulize anafanya kazi gani, kisha kama una mzigo wa kubeba, mpe akubebee na umlipe bei ileile unayomlipa mwingine. Usimpige picha akipokea mkate. Mwenye nyumba, ukiweza kupokea kodi ya mwezi mmoja badala ya miezi sita kwa mkupuo, kuna kuli ataingia kwako kesho. Fedha ya mwezi anaipata, ya miezi sita hawezi kuitunza akiwa analala nje.

Ukimkuta mtoto, hayo yote yasubiri. Piga 116, simu ya huduma kwa watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Nyamagana au Ilemela. Kaa naye mpaka mtu afike, na mwulize jina lake mwenyewe kabla hujamuuliza la baba yake.