Chai Kueh: Anza na Unga, Mboga Zitafuata

Yeyote anayetaka kupika chai kueh nyumbani, yaani vifurushi vya unga wa mchele vilivyojazwa mboga na kupikwa kwa mvuke, namshauri aanze na unga, si mboga. Wengi huvutiwa na kilichomo ndani, wakatumia asubuhi nzima kukatakata karoti na uyoga, kisha wakaharakisha gamba la nje, ilhali gamba hilo ndilo linaloamua iwapo chakula kitatoka laini na king'avu au kitapasukia jikoni.

Chai kueh ni chakula cha Wateochew, watu wa Chaozhou na Shantou, mashariki mwa mkoa wa Guangdong nchini China. Wahamiaji wao, ambao wengi walisafiri kupitia Shantou baada ya bandari hiyo kufunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1860, walikieneza Singapore, Malaysia, Thailand na hata Pontianak nchini Indonesia, ambako gamba husukumwa likawa jembamba mno na juu yake hunyunyiziwa vitunguu saumu vya kukaanga. Mimi nilifundishwa Singapore na jirani yangu, bibi wa Kiteochew asiyejua mizani.

Unga wa mchele hauna ule mvutano wa ngano unaoshikamanisha donge la chapati, kwa hiyo maji ya vuguvugu hayasaidii kitu. Yamiminwe yakiwa yanachemka, kidogo kidogo huku ukikoroga, ili wanga uive na unga ushikamane. Mimi huchanganya sehemu tatu za unga wa mchele na sehemu moja ya wanga wa muhogo, ambao ndio huleta mnyumbuko na ung'avu. Wanga huo, tafadhali, si unga wa muhogo tunaosongea ugali. Ni poda nyeupe iliyochujwa kutoka katika muhogo mbichi, na bada haliwezi kushika nafasi yake. Ukishakanda, funika donge kwa kitambaa chenye unyevu, kwa maana likipigwa na upepo hukauka na kukataa kukunjika.

Ndani huwekwa bangkuang, mzizi mweupe wenye majimaji na utamu wa mbali, uliokatwa vipande vyembamba, pamoja na karoti, uyoga mkavu uliolowekwa, tofu ya kukaanga na uduvi. Uduvi na vitunguu saumu vitangulie karaini hadi vinukie. Adui hapa ni maji ya mboga, kwani hulilegeza gamba kutoka ndani. Jirani yangu huinamisha karai upande mmoja na kungoja; akiona mchuzi umejikusanya chini, hulirudisha motoni, hata kama wageni wameshaketi mezani. Kisha mboga zipoe kabisa kabla ya kufungwa katika umbo la nusu duara.

Kwa kuwa mboga zimeshaiva, dakika 8 hadi 10 za mvuke mkali zinatosha. Paka mafuta sahani ya kupikia na, mara tu unapoepua, paka pia kila kimoja mafuta yaliyokaangiwa vitunguu saumu, visije vikagandana. Huliwa vikiwa moto, pamoja na sosi nzito tamu ya soya na pilipili.

Vinavyobaki huwa vigumu vikilala kwenye friji, kwa sababu ndiyo tabia ya wanga wa mchele unapopoa. Virudishe kwenye mvuke au, kama nipendavyo mimi, vikaange kwa mafuta kidogo hadi upande wa chini uwe wa kahawia.