Maswali ya wasomaji: Mpira wa ndani unapogonga mpini

Swali: Wahariri, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 12, anacheza softiboli shuleni na anapigia mkono wa kulia. Mpira ukija katikati au upande wa nje wa pleti (kibao cha chini anaposimama mpigaji) anaupiga vizuri. Ukimjia karibu na mwili, yaani mpira wa ndani, unagonga mpini, viganja vinamuuma na mpira unadondoka hatua chache mbele yake. Mwalimu alimwambia awahi, na sasa anawahi hadi mpira unatoka faulo, yaani nje ya mstari, upande wa besi ya tatu (kushoto kwake akimtazama mrushaji). Nimsaidieje nyumbani? Tuna kigongo kimoja na mipira miwili tu. *Mzazi, Nyegezi*

Jibu: Mzazi mwenzetu, tuanze na hilo neno "wahi", maana ndilo linalomponza. Kwa wasichana wa umri wake mrushaji kwa kawaida husimama mita 12.2 kutoka kwenye pleti. Anauachia mpira akiwa ameshapiga hatua mbele, kwa hiyo mpira husafiri kama mita 10.7. Ukija kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, unafika ndani ya sekunde 0.55. Mpira wa ndani hukutwa mbele zaidi kuliko wa nje, kiasi cha nusu mita hivi, na nusu mita kwa mwendo huo haifiki sehemu 3 za mia za sekunde. Hicho ndicho kiasi anachotakiwa kuwahi. Mtoto akipigiwa kelele awahi, atawahi mara kadhaa ya hapo: mabega yanafunguka kabla ya nyonga na mpira unatoka nje ya mstari.

Kwa maelezo yako, tatizo lenyewe liko kwenye njia ya mikono. Mpigaji akianza kwa kunyoosha mikono kuelekea pleti, kama mtu anayefyeka nyasi, sehemu nene ya kigongo huzunguka kwenye duara pana. Mpira wa nje unalikuta duara hilo. Wa ndani unapita ndani yake, penye mpini. Kwa hiyo hata ile ya nje anayoipiga vizuri anaipiga akiwa na kosa lilelile, ila kule halionekani.

Njia sahihi ni hii. Nyonga zitangulie: goti la kulia liingie ndani, kisigino cha kulia kinyanyuke, kitovu kigeuke kumtazama mrushaji. Kiwiko cha kulia kishuke kikipita karibu na mbavu, na viganja vipite mbele ya kifua bila kuachana nacho zaidi ya shubiri moja. Kitako cha kigongo (mwisho wa mpini) ndicho kiuelekee mpira kwanza, sehemu nene ifuate. Kigongo kinapougusa mpira, kiwiko cha kulia bado kimekunjwa. Mikono miwili hunyooka mpira ukiwa umeshaondoka. Hapa ndipo watu wazima wengi wanapokosea kwa kumhimiza mtoto anyooshe mikono mapema. Mahali pa kuukuta mpira ni sentimita 20 hadi 30 mbele ya mguu wa kushoto, yaani mbele kabisa ya mwili.

Sasa vifaa, tukianza na nguzo ya kuwekea mpira. Chukua ndoo tupu ya rangi ya lita 4, simamisha katikati yake bomba la plastiki la inchi moja na nusu lenye urefu wa sentimita 75, jaza zege na uliache siku mbili likomae. Juu ya bomba viringisha kipande cha tyubu ya baiskeli, ukifunge, kizidi ncha ya bomba kwa sentimita 12 hivi. Mpira unakaa juu ya tyubu, na kigongo kikishuka kidogo kinagonga tyubu badala ya kuvunja bomba. Wavu wa kuzuia mipira utaupata kwa wavuvi: wa dagaa uliochakaa, ukunjwe mara tatu. Uning'inize kwenye kamba kati ya miti miwili, mita 2 kutoka kwenye nguzo, na usiukaze, kwani wavu uliokazwa hurudisha mpira usoni. Wa sangara usiutumie. Macho yake ni makubwa na mpira unaweza kupenya.

Weka nguzo usawa wa ukingo wa ndani wa pleti, sentimita 25 mbele ya mguu wake wa kushoto *baada* ya kupiga hatua. Wengi huiweka katikati ya pleti na kumsogeza mtoto, na hapo anajifunza kuupiga mpira wa ndani ukiwa umeshampita. Siku za kwanza asipige hatua kabisa: asimame miguu ikiwa tayari imetanuka, apige mara 8, apumzike, arudie hadi seti 4. Siku 3 kwa wiki zinatosha. Akichoka, mikono hurudi kwenye kufyeka, na kila pigo la namna hiyo linakazia kosa.

Akifikia hatua ya kupiga 6 kati ya 8 kwa sehemu nene, ongeza hatua, kisha anza kumrushia. Kaa mita 4 mbele yake, nyuma ya kipande kingine cha wavu, umrushie mipira ya soksi kwa mkono wa chini. Changanya: miwili ya ndani, mmoja wa nje, mmoja wa ndani sana usio straiki, yaani usiopita eneo la halali la kupigwa. Huo wa mwisho auache. Mtoto aliyejifunza kupiga mipira ya ndani tu ataanza kuikimbilia hata ile inayoelekea mbavuni. Rusheni asubuhi, maana mchana upepo wa ziwani huuhamisha mpira mwepesi na mtalaumiana bure.

Tazama mpira unakoelekea, utajua kilichotokea. Ukiruka juu na kuanguka karibu, bega la kulia limeshuka. Ukienda dhaifu upande wa besi ya kwanza, amechelewa au mikono imekwenda mbali. Ukitoka faulo kwa kasi upande wa besi ya tatu, tazama mguu wa kushoto: kama unakanyaga kuelekea besi ya tatu badala ya kwa mrushaji, mwili unakimbia mpira. Laza ubao nyuma ya kisigino chake cha kushoto, upande wa mgongo, akanyage bila kuugusa. Mpira mzuri wa ndani hupita chini na kwa nguvu kati ya besi ya tatu na ya pili.

Na mtoto anayekimbia mpira mara nyingi anauogopa, tusimwite mwoga. Mfundishe kukwepa kwanza: ageukie kwa mdakaji aliye nyuma ya pleti, kidevu kwenye bega la kulia, kigongo kishuke chini, mpira umguse mgongoni. Mrushie mipira ya soksi mara 10 kwa ajili ya hilo tu. Kofia ngumu ivaliwe kila mpira wa kweli unaporushwa.

Swali: Je, si rahisi zaidi mchezaji akisimama mbali na pleti? *Kocha wa timu ya shule, Ilemela*

Jibu: Inasaidia kwa mchezo mmoja. Mrushaji mwenye macho atahamia nje siku hiyohiyo, na pleti ina upana wa sentimita 43. Kipimo chetu: akiinama kidogo, ncha ya kigongo iguse ukingo wa mbali wa pleti. Kama amesimama karibu kuliko hapo, ndiyo, msogeze. Kabla ya hapo pima uzito wa kigongo: akishike kwa mkono wa mbele pekee, aunyooshe pembeni. Kikianza kushuka kabla ya sekunde 20, ni kizito kwake. Ashike sentimita 3 juu ya kitako hadi kipatikane chepesi.

Swali: Mpira ukigonga vidole vya mpigaji wakati anazungusha kigongo, ni faulo? *Mwalimu wa michezo, Musoma*

Jibu: Hapana. Viganja si sehemu ya kigongo. Akiwa amezungusha na mpira ukamgusa mkononi, inahesabiwa straiki dhidi yake, mpira unakufa (mchezo unasimama) na wakimbiaji wanarudi kwenye besi zao. Hapewi besi ya kwanza hata kama ameumia. Vilevile hapewi iwapo hakuzungusha lakini mpira ulimgusa ukiwa ndani ya eneo la straiki.