Mkaguzi wa Nyumba Yako Analipwa kwa Siku au kwa Nyumba?

Mvua zetu za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kutuaga Aprili au Mei, na zikishaaga ndipo barua zinapoanza. Wiki hii karibu zote zinauliza jambo moja: watu wanaopita mitaani kuandika nyumba zilizobomoka. Mimi ni mkadiriaji majenzi mstaafu, kazi hiyo nimeifanya, kwa hiyo baadhi ya majibu yatanigusa na mwenyewe.

Shikamoo mzee. Alikuja kijana mwenye kishikwambi, akapiga picha ukuta ulioanguka, akaondoka. Jirani anasema tumeshaandikwa fidia. Tutalipwa lini? (Mama wa watoto watano, Ujiji)

Marahaba mwanangu, poleni sana. Neno fidia liweke pembeni kwanza. Fidia hulipwa serikali inapotwaa ardhi yako ili barabara ipite au shule ijengwe, na hapo huja mthamini aliyesajiliwa akahesabu mali yako kitu kwa kitu, mpaka miembe. Mvua haijatwaa kiwanja cha mtu. Uliyofanyiwa ni tathmini ya maafa, na kinachofuata hapo ni msaada: mahindi, magodoro, pengine mabati, pengine pole tupu. Baada ya tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 nyumba zilihesabiwa, lakini serikali ya wakati ule ilisema wazi kwamba haitamjengea kila mtu.

Yule kijana ni karani tu, hana uamuzi wowote. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia kijiji na mtaa hadi taifa, na huko ndiko karatasi yako inakopita. Nenda kwa mtendaji wa mtaa, lakini usimuulize "lini", maana naye hajui. Muulize kama jina lako limo kwenye orodha, limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, na nyumba imeandikwa imeanguka au imepata nyufa. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa dakika mbili likiwa bado mtaani. Likishafika wilayani utamaliza jozi mbili za viatu kulifuatilia.

Mpwa wangu yuko Houston. Anasema huko serikali inakodi kampuni binafsi kukagua nyumba, hapa kwetu ni kamati na watu wa halmashauri. Nani ana akili zaidi? (Msomaji, Mwanga)

Mpwa wako hakudanganyi. Idara ya maafa ya serikali kuu ya Marekani, FEMA, huingia mikataba na kampuni kabla kimbunga hakijazaliwa. Bei inakubaliwa wakati jua linawaka. Kimbunga kikipiga, kama Harvey kilivyoipiga Houston Agosti 2017, kampuni hupewa oda na wakaguzi wakamwagwa mitaani. Hakuna anayetangaza zabuni watu wakiwa juu ya mapaa. Hilo ningependa tuliige kesho asubuhi. Mkaguzi wao naye haamui kitu: anaandika alichokiona, FEMA ndiyo inayotuma barua ya kukubali au kukataa, na asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa.

Sasa upande wa pili. Wakaguzi wale hulipwa kwa kila nyumba waliyokagua, na malipo ya namna hiyo nayafahamu utamu wake. Miaka ya nyuma, katika mkoa mwingine, nilichukuliwa kukagua nyumba baada ya mafuriko, pesa kwa kila fomu. Siku ya kwanza nilimaliza nyumba kumi na moja. Nilipanda darini, niligonga kuta, nilichimba kidogo pembeni ya msingi. Siku ya tatu nilimaliza thelathini na nane. Maarifa yalikuwa yale yale, ila nilikuwa nasimama barabarani, naandika "nyufa ndogo", nasonga mbele. Nyumba ya tofali mbichi iliyolowa msingi haisemi kitu siku ile. Inasubiri ikauke upande mmoja, halafu inakaa chini. Moja ya "nyufa ndogo" zangu ilikaa chini siku ya tisa. Wenyewe walikuwa shambani, namshukuru Mungu mpaka leo.

Basi walipwe kwa siku? Nako nimeona: nyumba moja, chai mbili, na jua linazama. Na kamati yetu ya mtaa, ambayo hailipwi kwa hili wala lile, ina ubora ambao kampuni ya mbali haiwezi kuununua, kwani inajua nani hasa aliishi ndani ya nyumba ile na nani kajenga banda wiki iliyopita ili ahesabiwe. Ubaya ni kwamba inawajua pia mashemeji zake.

Ningepewa mimi kuandika mkataba, ningelipa kwa nyumba, lakini katika kila nyumba kumi moja ikakaguliwe upya na mtu mwingine anayelipwa kutoka mfuko mwingine, na nyumba zote za udongo na tofali mbichi zipitiwe mara ya pili baada ya wiki mbili. Ziara hiyo ya pili ina bei yake, na ndiyo ya kwanza kufutwa bajeti ikibana. Kamati ibaki kuthibitisha mkazi ni nani, isiguse kipimo cha ukuta.

Sisi ni vijana kumi na wawili, tuna kikundi. Tunaweza kuomba tenda ya ukaguzi? (Kasulu)

Wanangu, inategemea mnaita ukaguzi kitu gani. Kusema nyumba hii ni salama kulala ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na bodi yake. Kusema ina thamani gani ni ya mthamini aliyesajiliwa na yake. Hapo hapana njia ya mkato. Lakini ukarani wa kujaza fomu na kupiga picha, kama ule wa sensa ya Agosti 2022, mnauweza, na usafiri wa pikipiki wa kuwafikisha wataalamu vijijini pia.

Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii ili kikundi kitambulike, kisha mjisajili kwenye mfumo wa NeST, ambamo zabuni za serikali hupita siku hizi. Fanyeni hivyo kiangazi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inaruhusu ununuzi wa dharura maafa yakitokea, na dharura haimsubiri mtu aliyesahau nywila.

Nimerudi kutoka shamba la tumbaku nikakuta alama ya X nyekundu ukutani. Paa liliezuliwa na upepo mwezi uliopita. Ni watu wa maafa? (Urambo)

Sidhani, mzee mwenzangu. X nyekundu kwetu kwa kawaida ni ya hifadhi ya barabara: nyumba inatakiwa kupisha. Nenda TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (za mijini na vijijini), kutegemea barabara ni ya nani, na ulizia kwa maandishi. Mambo haya mawili yasichanganywe, maana la barabara lina taratibu zake na la upepo lina zake. (Kule New Orleans, baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, waokoaji walichora X kwenye nyumba walizokwisha pekua, na pembeni yake wakaandika tarehe na idadi ya watu waliowakuta. Alama ile ile, habari nyingine kabisa.)

Mkaguzi kaniomba "mafuta ya pikipiki" ili anirudie haraka. Nimpe? (Kibirizi)

Usimpe. Ukaguzi ni bure, hapa na hata huko Houston. Muombe kitambulisho, andika jina, piga namba 113 ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, simu haina gharama. Na asikusainishe fomu tupu, wala dole gumba usiweke. Fomu ikijazwa ipige picha kabla hajaondoka.

Nyumba yangu ya Katonga imeingiliwa na ziwa. Nilijenga mbali, maji yamenifuata. Naambiwa niko ndani ya mita 60, sistahili kitu. (Mvuvi mstaafu)

Pole sana, kaka. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na mlango huo hauna kitasa. Mvua zikizidi maji hupanda taratibu na hukaa miezi. Sheria ya Mazingira ya 2004 kweli inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini hasara uliyopata ni jambo moja, na mahali pa kujenga tena ni jambo jingine. Sisitiza yaandikwe kila moja peke yake kwenye fomu. La kwanza ni haki yako kuandikwa. La pili, nenda na barua Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ofisi ipo hapa hapa mjini, na uwe tayari kwa jibu usilolipenda.

Wakaguzi wamechelewa, nimeshaezeka upya. Nimejiharibia? (Mwenye nyumba, Mwanga)

Hapana, watoto hawawezi kulala chini ya ushahidi. Kusanya picha za kabla na risiti za misumari na mabati, acha kipande cha ukuta chenye alama ya maji bila kupaka rangi, na mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya alichokiona. Mabati yaliyokunjika usiwauzie watu wa chuma chakavu mpaka fomu yako isomwe.