Jambiani kwa bibi, likizo ya makumbi

Mmeuliza likizo za utotoni tulikwenda wapi na nini mpaka leo hatujasahau. Mimi ni Jambiani, kusini ya Unguja, kwa bibi mzaa mama. Shule ikifunga tu mama anatupakia gari ya shamba pale Darajani, ile yenye mabenchi ya ubavuni na mizigo juu, tumebanwa na magunia na mtu ana kuku wake miguuni, tukipita Jozani tunachungulia kima punju, tukifika Kitogani tushachoka, Paje ndo unaanza kusikia harufu ya bahari.

Sasa watu wakisikia likizo ya pwani wanadhani tukiogelea kutwa. Wapi! Jambiani maji yakitoka yanatoka kweli, unabaki mchanga na majani mpaka kule mwambani, utembee uchoke, bahari yenyewe unaisikia inanguruma tu huko nje. Kwa hiyo nyumba nzima ilifuata maji yanavyojaa na kutoka. Bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa nne asubuhi kushakauka, basi ujue asubuhi ni kazi na kuogelea ni saa kumi alasiri yakijaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, mpaka yakija maji mafu, yale madogo, mambo yote yashageuka. Bibi hana saa wala kalenda, anatoka uani usiku anatazama mwezi anarudi kukwambia kesho tunashuka pwani wakati gani, na hakosei.

Kazi yenyewe makumbi ya nazi. Kama hujawahi kunusa makumbi yaliyolala miezi kwenye tope la bahari mshukuru Mungu. Wanawake wanayafukia huko huko pwani maji yakiwa yametoka, wanayapandishia mawe yasichukuliwe, na kila mtu analijua rundo lake, mimi naona mawe tu yote sawa. Yakishaoza unayafukua meusi, yananuka yai viza, unayaweka juu ya jiwe unayapiga kwa mti mpaka yale maganda na unga unga vitoke zibaki nyuzi, ndo usumba, unaosha unaanika, halafu jioni bibi anakaa barazani anasokota kamba kwa viganja huku anapiga soga na jirani wala haangalii anachofanya. Mimi mikono nikiisugua kwa sabuni ya mche na harufu bado ipo, na chakula ni kwa mkono huo huo bwana.

Raha ilikuwa pweza. Mtoto wa mjomba ndo aliyenionesha: usimtafute pweza, tafuta uchafu wake, yaani magamba ya kaa na chaza mbele ya tundu. Unachokoa kwa kijiti, anakishika, unavuta taratibu, akitoka anakupanda mkono mzima na mimi napiga kelele kijiji kizima kinajua mtoto wa mjini kaja. Halafu anapigwa jiweni, apigwe hasa, manake pweza asopigwa utamtafuna mpaka Idi. Ukikanyaga vile vidude vyeusi vya baharini vya miba mirefu, dawa yake utomvu wa papai bichi, na kesho unashuka tena.

Ila niseme kweli, likizo ilikuwa yangu mimi. Kwa wenzangu wa pale shule ikifunga ndo kazi imeanza, na pesa ya kamba ndo ya daftari na sare.

Baadae ukaja mwani, ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na makumbi yakapunguwa kidogo kidogo. Sisi watoto tukawekwa kufunga mbegu kwenye kamba, kazi ya kukaa, haina harufu, nikaipenda kuliko makumbi mara mia. Mama mdogo akaezeka bati kwa pesa yake mwenyewe ya mwani, mjomba akanuna wiki nzima. Siku hizi maji yamepata joto, mwani wa aina ya cottonii wenye bei nzuri unakufa, wanalima aina ya spinosum yenye bei ya kusikitisha, na mama mdogo bado anashuka, umwambie apumzike uone.

Yule mtoto wa mjomba sasa anauzia mahoteli pweza kwa kilo. Nilipomwomba mmoja wa kwenda nae mjini akanitajia bei ya hoteli, eti biashara haina undugu.